Doti ya Damari

Jumamosi asubuhi Damari aliitandaza kitandani kanga yake mpya, doti nzima ambayo haijakatwa. Kila kipande kiliandikwa: UMENISEMA, NIMENENEPA. Aliinunua ili kumjibu jirani yake Agripina, aliyesema bombani, mbele ya wanakwaya wote, kwamba Damari huimba kama mbuzi aliyenyeshewa.

Kabla hajatia mkasi, akafungua Mithali ajipe moyo. Akasoma kwamba mpumbavu asijibiwe sawasawa na upumbavu wake, anayemjibu asije akafanana naye. Akaanza kuikunja kanga shingo upande. Mara jicho likateremkia mstari uliofuata: mpumbavu ajibiwe, asije akajiona ana hekima.

"Baba Tumsifu, sasa nishike neno lipi?"

"Yote ni ya Mungu," mumewe akajibu huku akinyoa ndevu. "Yamekaa pamoja kama hiyo doti yako."

Damari akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaikata doti katikati, kipande kimoja akajifunga, cha pili akampelekea Agripina.

"Dada, kesho kanisani tuvae sare."

Agripina akayasoma maneno. Akamzunguka Damari, akayakuta yaleyale nyuma yake. Midomo ikamcheza. Akajifunga ile kanga, akageuka.

"Hebu nitazame, imekaa sawa huko nyuma?"

Damari akainama, akauvuta upindo taratibu mpaka maneno yakasomeka yote.