Koleo la Kukatia

Muuzaji aliweka koleo la tatu mezani. "Hili ni kali kama wembe, mzee. Jaribu."

Fundi saa mstaafu, aliyeunganisha ndege ndogo za plastiki kwa kujifurahisha miaka yote ya ndoa yake, alilishika. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa hautulii. Ncha zilitetemeka juu ya fremu ya majaribio, yenye mabawa mawili ya kubanduliwa, zikateleza, zikalikata bawa lenyewe.

"Labda na hili ni butu," mkewe akawahi kusema.

"Si butu, mama watoto." Akamkabidhi. "Hebu kata wewe."

Mkewe akakata. Bawa la pili likachomoka kwenye fremu safi, bila mkwaruzo.

Mzee akalitazama.

"Tutafutie lenye mpini mdogo zaidi," akamwambia muuzaji. "Linaloutosha mkono wake."