Kikao cha Kibarazani

Jumanne, tarehe 9 Machi mwaka 2066, Bi Mwantumu wa Kilosa alitoka kwenda kutafuta kikao cha walioacha pombe. Sindano ya kuondoa kiu ya ulevi ilikuwa lazima, na sheria ilimhesabu kila aliyechomwa kuwa mzima. Kilibaki kikao kimoja tu, cha wachache ambao hawakuchomwa kwa kuwa sindano ingewadhuru.

"Mama, si umepona?" aliuliza binti yake, Hidaya. "Unafuata nini kwa walevi?"

"Kiu imekwisha, mwanangu. Niliyokutenda hayajakwisha."

"Hayo tusiyazungumze, tafadhali."

Basi Bi Mwantumu alitamani mno kuyatamka mbele ya watu ambao wasingeshtuka.

Mlango wa ukumbi wa kikao ulisoma alama ya sindano mkononi mwake. "Hongera, Bi Mwantumu, wewe ni mzima," ukasema kwa upole. "Hiki ni kikao cha wagonjwa."

Ndani watu walikuwa wakicheka. Mmoja alisema, "Wewe uliyejiunga juzi, ndiwe wa kutumiminia chai!" Bi Mwantumu aligonga mara tatu, na mara tatu mlango ukampongeza.

Akaketi kibarazani, akaanza kwa sauti. "Naitwa Mwantumu. Nilimsahau mtoto wangu sokoni kutwa nzima, nami niko kilabuni nakunywa."

Mwanamume aliyekuwa akipita na kikapu akasimama, akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akaketi kando yake.

"Endelea, dada," akasema. "Hata mimi walinipongeza."

Ndugu msomaji, kama unamjua mtu aliyeponywa, mfikishie habari hii: kibarazani pale nafasi ipo.