Mafuta ya Salha

Kipimo cha ukutani kililia: damu ya Salha imejaa mafuta. Sheria ilimtaka mume amchape mkewe mlafi, la sivyo askari waje kumchapa mke huyo wao wenyewe. Mumewe Masudi akashika mjeledi.

"Umeiba nini jikoni?"

"Wallahi sijagusa kitu, baba Rehema."

Alimchapa mpaka damu ikarukia ukuta, na Salha akazimia ndani ya sweta aliyoivaa hata kwenye jua kali. Daktari akaja, akaminya shingo yake iliyovimba.

"Huyu si mlafi. Tezi ya shingo imelala, ndiyo maana mafuta yanamjaa hata asipokula, na baridi haimwishi. Vidonge vitamsaidia, ila baada ya wiki kadhaa."

Asubuhi kipimo kikalia tena. Masudi aliushika mjeledi, asiuinue. Salha akavua sweta mwenyewe, akampa mgongo.

"Chapa wewe. Wewe nimeshakuzoea."