Mtoto Asiye na Fungu la Maji

Serikali haikuwa na fedha za kununua bonde la bwawa, kwa hiyo wenye mashamba walilipwa maji: kila mtu fungu lake, maisha yake yote. Mjukuu wa Nakijwa alizaliwa baada ya mkataba. Hakuwa na fungu.

Afisa wa bwawa alimkuta Nakijwa akimwogesha.

"Bibi, maji hayo ni yako peke yako."

"Kwani wewe hukuogeshwa?" Nakijwa alimtazama kama uchafu wa beseni. "Au ulizaliwa na tai shingoni?"

Afisa akaondoka. Nakijwa akasonya, akafungua bomba amsuuze mtoto. Maji yakakatika, mtoto akaanza kulia. Sauti ya upole ikatoka kwenye bomba:

"Bibi Nakijwa, nani huyo anayelia?"

Akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.