Mashine Isiyosema Uongo

"Na hii nayo mbovu!" Hatibu aliibwaga mashine ya presha juu ya kaunta ya duka la dawa, betri zikasambaa.

Anastazia, muuzaji, alianza kuziokota. Ilikuwa mashine ya tatu kurudishwa. "Shikamoo, mzee. Leo imesemaje?"

"Marahaba. Mia na tisini kwa mia na kumi! Hiyo presha ya mtu au ya tairi la lori?"

Tangu daktari amwanzishie vidonge na kumtaka awe na mashine nyumbani, Hatibu hakutulia. Hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kubahatisha. Hata machungwa ya Muheza huyanusa moja moja, mwenye genge akisonya chini kwa chini. Sembuse kitu cha kushikilia roho yake?

Nyumbani kwake Ngamiani alifuata maelekezo yote. Kiti chenye egemeo, miguu chini, mkono mezani, kimya. Sabra, mkewe, alikuwa hapo hapo mezani kila mara, kilemba cha kanga kakikaza kichwani. Mkanda ukajaa upepo, ukanywea, na namba zikatoka zile zile za kutisha.

"Labda ni kweli," Sabra alinong'ona safari moja.

"Kweli ya wapi? Unaitetea mashine, imekuwa ndugu yako?"

Sasa Anastazia aliinamia kaunta. "Mzee wangu, mashine tatu za viwanda vitatu zitakulaje njama? Presha ya namna hiyo inaua. Nenda hospitali sasa hivi."

"Niende hospitali kwa namba za uongo? Watanicheka!"

Anastazia alichoka. Alimkalisha kwenye benchi, akarudisha betri kwenye ile ile mashine, akamfunga mkanda mwenyewe. Akasoma namba. Akampima tena.

"Mia na ishirini na sita kwa sabini na nane," alisema, akimkodolea macho. "Vidonge vimekukubali. Na mashine ni nzima. Huko nyumbani ulikuwa unajipimaje?"

"Kujipima?" Hatibu alicheka kwa kumhurumia. "Binti yangu, mashine haijaribiwi kwa mgonjwa. Utajuaje kosa ni lake au ni lako? Kwanza namfunga mkanda mke wangu. Yule hajaugua tangu nimuoe. Hata sasa nimemwacha uani anatwanga mpunga."