Mrehani Uliokatwa Ncha

Mrehani wa Salha kwenye kompyuta ulikuwa mstari mmoja wa kijani uliopanda juu mpaka ukatoka nje ya kioo. Alikuwa ameupa amri mbili tu: shina lirefuke, na ncha yake ivizuie vichipukizi vya chini visiamke. Alishaapa kwamba ukimshinda leo, anaiacha kozi yake ya kuandika programu.

Shangazi yake, aliyekuwa akichambua mchicha kando yake, akachungulia.

"Huo mrehani au mlingoti wa bendera?"

Salha akachukia, akaifuta ile ncha.

Ubavuni mwa shina kikachomoza kichipukizi. Kikafuata kingine upande wa pili. Akazikata ncha zao nazo, vikaamka vingine chini yake, na vingine, mpaka kichaka kizima kikajaa kwenye kioo.

"Matawi sikuyaandika mimi, shangazi," alisema. "Wallahi sikuyaandika. Yamekuja yenyewe."

Shangazi akajifuta mikono kwa kanga. Akasogea, akaibana ncha ya juu pale kwenye kioo kwa vidole viwili, kama anavyoubana mrehani wake uani kila asubuhi. Kisha akavipeleka vidole puani, akafumba macho.