Fomu za Moyo

"Moyo unaniuma sana," alisema mzee Tadeo, mtu wa mia moja na kumi na tatu kuhojiwa, akaketi kwenye benchi kabla hajaambiwa.

Bwana Daktari alitabasamu, akachovya kalamu katika wino. Ilikuwa wiki ya tatu tangu afike Mbeya, mwaka 1956, kutafiti maradhi ya moyo katika nyanda za juu, na alikuwa hajakutana na moyo mzima hata mmoja.

Kando yake alikaa mkalimani wake, Eliezeri, kijana wa Iringa aliyemaliza darasa la kumi, ambaye siku ya kuajiriwa alijisifu kwamba hakuna neno la Kiingereza linalomshinda.

"Tangu lini?" Daktari aliuliza, Eliezeri akafasiri.

"Tangu walipopandisha kodi," alijibu Tadeo.

"Miaka miwili," Eliezeri alimwambia Daktari, macho yake yakiwa sakafuni.

"Na ukiuma, unajisikiaje?"

"Nikipanda mlima pumzi inakatika. Jioni miguu inavimba. Kulala, mpaka niegemee kitu."

Daktari aliandika haraka haraka. Maradhi yenye utaratibu namna hii, alisema, hakuwahi kuyaona hata Ulaya.

Alikuwa na kipimo cha kusikilizia kifua, lakini kilikaa mkobani. Kamati ya utafiti huko Dar es Salaam ilimpa fomu za maswali tu. Fedha za kupimia zingetoka ikishathibitika kwamba wagonjwa wapo, na fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kilichosikika kifuani. Daktari alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

Eliezeri alikuwa ameligundua kosa lake tangu siku ya pili. Siku hiyo walimhoji Ikupa, mama wa makamo kutoka kijiji cha mlimani. Alipoulizwa moyo ulianza kumuuma lini, alijibu, "Tangu mume wangu aoe mke wa pili." Hapo ndipo Eliezeri alipoelewa. Daktari alikuwa anauliza habari za ile nyama inayodunda kifuani, kumbe yeye alikuwa anawauliza watu habari za uchungu wao.

Angesema siku ile ile, lakini fomu kumi na nne zilikuwa zimekwisha kupigwa mhuri. Kesho yake zikawa thelathini. Watu wa kijiji cha Ikupa waliteremka makundi kwa makundi, wamefunga chakula cha njiani, mioyo ikiwauma kwa ajili ya wakwe, bei ya pareto, ng'ombe waliopotea, na mwinjilisti asiyehamishwa miaka nenda miaka rudi. Eliezeri alifasiri yote. Kila jioni alijiambia kesho atasema.

Baada ya Tadeo fomu zilikwisha, zikatumwa Dar es Salaam. Mwezi mmoja baadaye telegramu ikaja. Kamati ilikuwa imeshtuka. Fedha zimekubaliwa: mashine ya kupima moyo, dawa, na daktari bingwa wa kuzunguka nayo kijiji kwa kijiji, akianzia kule mlimani. Lori lililobeba mashine lilikuwa limekwisha fika Iringa. Daktari alimpa Eliezeri mkono, akamwambia jina lake litaandikwa kwenye ripoti.

Eliezeri hakuona fahari yoyote. Alichokiona ni kwamba mashine haihitaji mkalimani.

Asubuhi iliyofuata aliomba ruhusa, akaushika mlima. Nusu ya njia alipitwa na mzee Tadeo, gunia la viazi begani, anapanda huku anapiga mluzi.

Ikupa alikuwa uani anachambua maharage. Alimkaribisha kwa heshima, akampa kigoda. Eliezeri hakukikalia.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Kosa ni langu. Bwana Daktari aliuliza moyo wenyewe, wa nyama. Mimi nikawauliza vibaya, nanyi mkajibu mlivyoulizwa. Sasa mashine inakuja. Itaonyesha nyote ni wazima, nami nitafungwa."

Ikupa aliendelea kuchambua. "Unataka tufanye nini?"

"Mseme mmepona. Wewe ukianza, wengine watafuata."

"Tupone lini?"

"Kesho, mama. Kabla lori halijatoka Iringa."

"Tukishapona, mashine itakwenda wapi?"

"Itarudishwa Dar es Salaam, na mambo yatakwisha."

Ikupa aliweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Hapana, karani. Hiyo hatuwezi. Ingia ndani."

Ndani, karibu na meko, msichana wa miaka kama kumi na mitano alikuwa ameketi kitandani, mgongo ameuegemeza kwenye gunia la maganda ya mahindi. Mabega yake yalipanda na kushuka kwa kila pumzi. Alitaka kumsalimu mgeni, sauti ikakataa, akainua mkono. Miguu yake, ilipochungulia kwenye blanketi, ilikuwa imevimba kama mito ya kulalia.

"Huyu ni Damari, mwanangu wa mwisho," alisema Ikupa. "Dresa wa zahanati alimsikiliza kifua, akasema ni moyo, anatakiwa daktari mwenye mashine."

Eliezeri alisahau kifungo. "Mbona hamkumleta kwetu?"

"Nilikwenda mjini mwaka jana kumwombea mashine. Wakaniambia mgonjwa mmoja haletewi mashine." Ikupa aliinama, akamfunika mtoto miguu. "Basi tukaugua wote."